Heinz-Wilhelm Eck: Kapteni wa nyambizi ya Hitler aliyeishia ufuoni Somalia

Kama we hupanda mathree za Ngong Road, uwe msee wa Kibera ama Kawangware, lazima ushawahi pita yale makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyasi imekatwa fiti, mawe yamepangwa laini. Ndani kuna kumbukumbu yenye majina ya askari ambao hawana kaburi popote, na wengine wao ni maaskari wa huku kwetu walioliwa na bahari.

Usidhani hii ni story ya Wazungu tu. Kibera yenyewe ilianza kama ardhi ya askari: Wanubi waliotumikia King's African Rifles ndio waliopewa huo msitu wa Kibra wakae.

Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo na watu zaidi ya 1,500: kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, manesi, na wanamaji. Karibu na Maldives, nyambizi ya Japan, I-27, ikaitandika torpedo mbili. Ilizama kwa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, na 675 walikuwa wa hicho kikosi cha mizinga. Alafu kukafanyika kitu watu hubishania hadi leo. Nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea, so manuari za Uingereza zikarusha mabomu ya kulipuka chini ya maji pale pale, wasee wao wakiwa bado wanaelea.

Hiyo nyambizi ilizamishwa. Lakini mwezi mmoja baadaye Mjerumani mmoja alikuwa njiani kuja Bahari ya Hindi, na yeye pia alikutana na watu wanaoelea.

Eck alizaliwa Hamburg 1916, akajiunga na jeshi la majini 1934. Alianzia meli za kutegua mabomu ya baharini kabla ahamie nyambizi. Akapewa U-852, dude la karibu mita 87 lililoundwa kwa safari ndefu, na tarehe 18 Januari 1944 akatoka Kiel. Kabla aondoke, afisa mzoefu, Adalbert Schnee, alimkalisha chini akamwonya: nyambizi za aina yake zinamalizwa na ndege huko Atlantiki. Ukizamisha meli, mabaki yanaelea, ndege inayaona, na wewe umeisha. Kumbuka hiyo advaisi.

Usiku wa Machi 13 akakutana na Peleus, meli ya mizigo ya Wagiriki iliyotoka Freetown ikienda Buenos Aires tupu. Ilikuwa na mabaharia 35: Wagiriki wengi, Waingereza, Wachina, Wamisri, hadi msee wa Aden. Torpedo mbili, meli ikaenda chini fasta. Waliopona wakashikilia chelezo na mbao.

Eck angeweza kukanyaga mafuta usiku huo wote na kupotea. Badala yake akaamuru bunduki zitolewe juu. Vijana wake wakamiminia chelezo risasi na kurusha grunedi, na wakazunguka hapo kama masaa matano. Mhandisi wake mkuu, Hans Lenz, alimwambia hakubaliani na hiyo order, lakini baadaye akachukua bunduki akafyatua pia. Mimi huyo ndiye hunisumbua kuliko Eck mwenyewe.

Na cheki: chelezo hazikuzama. Kulipokucha mabaki yalikuwa bado yanaelea. Watu wanne walibaki hai, mmoja akafa njiani, na watatu wakaokolewa na meli ya Ureno Aprili 20, baada ya siku 38 baharini. Hao ndio waliobeba ushahidi.

Eck hakujua. Aprili 1 akazamisha meli nyingine, Dahomian, karibu na Cape Town, kisha akapanda juu akifuata pwani ya Afrika. Mei 2, ndege za Wellington za Waingereza kutoka Aden zikampata mbele ya pwani ya Somalia na kumpiga hadi nyambizi ikashindwa kuzama. Kesho yake akaigongesha ufuoni Bandar Beyla. Vijana wake 7 walikuwa wamekufa. Wale wengine 59 walishikwa, Camel Corps ya Somaliland ikiwa kwa huo msako. Walijaribu kulipua nyambizi, lakini daftari la safari halikuharibiwa. Waingereza walipolisoma, wakaona U-852 ilikuwa mahali Peleus ilipozamia, siku hiyo hiyo.

Kesi ilisikizwa Hamburg, mtaa aliozaliwa, Oktoba 17 hadi 20, 1945. Eck alikubali kwamba order ni yake. Alidai ilikuwa lazima afute mabaki ili aokoe vijana wake. Mawakili wakamleta Schnee kumtetea. Alipobanwa kama yeye angefanya hivyo, akasema hangefanya. Kwa maoni yake Eck alishikwa na uoga. Hapo kesi ilikuwa imekwisha. Na ukifikiria, masaa matano kwenye eneo moja ndio muda mrefu zaidi wa kuonekana na ndege kuliko mbao zote.

Wenzake nao walisema walikuwa wanafuata tu amri. Korti ikakataa: amri ambayo kila mtu anaona ni haramu haikukingi.

Eck, Luteni August Hoffmann na daktari wa nyambizi Walter Weisspfennig walipigwa risasi Novemba 30, 1945. Daktari, enyewe! Kazi yake haikuwa hata bunduki. Eck alikuwa na miaka 29, na ndiye kapteni pekee wa nyambizi ya Ujerumani aliyeuawa kisheria, kwa risasi, kwa uhalifu wa vita hivyo. Schwender, baharia, alipata miaka 15. Lenz alifungwa maisha, lakini alitoka 1952.