Kenton na Mlango wa Strasbourg

Mgeni akishuka kwenye stesheni ya Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, akafuata barabara ya Kenton Road inayotenganisha manispaa za Harrow na Brent, atakuta mikahawa ya Kigujarati ambayo orodha zake za vyakula zina neno "mogo". Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kamusi hapo: ni muhogo. Katika Kigujarati cha wazee wa mitaa hii mna pia sufuria, kisu, fagio, na "jugu" kwa maana ya njugu. Maneno hayo hayakuokotwa London. Yalibebwa kutoka Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam. Namna yalivyobadilika njiani tunawaachia wenzetu wa isimu. Katika makala haya tunataka kueleza yalifikaje, kwa kuwa safari ile ilikuwa jambo la diplomasia tangu mwanzo hadi mwisho, na raia waliokuwa wakijadiliwa hawakualikwa mezani.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wa asili ya Kihindi ambao hawakuupata uraia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuuomba. Wengi hawakuomba. Walikuwa na pasipoti iliyowataja kuwa raia wa Uingereza na Makoloni, wakaiweka kama akiba. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kusikia habari za Mhindi mwenye duka aliyekuwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje, na hatusemi kwamba habari hizo hazina chembe ya ukweli. Lakini walikuwapo pia waliopeleka maombi siku za mwisho mwisho, karatasi zao zikakaa ofisini bila majibu.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kazi, na maeneo na bidhaa za kufanyia biashara vikawekewa mipaka. Kwa taifa changa lililotaka wananchi wake washike uchumi, sheria hizo zilieleweka. Kwa fundi au karani mwenye pasipoti ya Uingereza, zilimaanisha kufungasha. Kufikia mwisho wa mwaka huo ndege za kwenda London zilikuwa zinajaa.

Huko London wanasiasa kama Enoch Powell na Duncan Sandys walitaka mlango ufungwe. Sandys ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati Kenya inapata uhuru, kwa hiyo hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Serikali ya Harold Wilson ilimtuma Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa Kenya, akaongee na Mzee Kenyatta ili mwendo upunguzwe. Hakufanikiwa. Hapo Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akapeleka muswada bungeni. Ulipita katika Bunge la Makabwela na lile la Malodi kwa muda wa siku tatu hivi, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria.

Sheria hiyo ilisema kwamba pasipoti peke yake haitoshi. Ili uingie bila kizuizi, wewe, mzazi wako, au babu au bibi yako alipaswa awe amezaliwa Uingereza au awe na uhusiano mwingine wa kisheria na nchi hiyo. Mtoto wa mlowezi wa Kizungu aliyezaliwa Nakuru kwa kawaida alivuka kizingiti hicho. Mtoto wa seremala wa Kihindi aliyezaliwa mji huohuo, mwenye pasipoti ya rangi ileile, hakuvuka. Wasiokuwa na sifa hiyo waliwekewa vibali maalumu 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia. Kenya ilimwambia mtu, "Wewe si raia wetu." Uingereza ikamwambia, "Raia wetu ndiwe, ila usiingie." Wapo waliorushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine kama mpira wa wavu.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo katika masomo yetu huguswa kwa nadra sana. Mwaka 1966, miaka miwili kabla ya sheria ile, Uingereza ilikuwa imekubali kwamba mtu binafsi anaweza kuishtaki mbele ya Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Bila kuwa waziri wala balozi. Watu 31 wa Afrika Mashariki wakautumia mlango huo, wakisaidiwa na wanasheria, na mwaka 1970 Kamisheni ikakubali kuyasikiliza malalamiko yao.

Ripoti yake ilipitishwa tarehe 14 Desemba 1973. Kamisheni ilisema kwamba kumbagua mtu hadharani kwa sababu ya rangi yake kunaweza, katika mazingira fulani, kuwa ni kumdhalilisha kwa maana ya ibara ya 3 ya Mkataba wa Ulaya, ibara ileile inayokataza mateso. Walalamikaji 25 waliokuwa raia kamili walionekana wamedhalilishwa. Wale 6 waliokuwa watu wa himaya tu, si raia, hawakupata nafuu hiyo chini ya ibara hiyo.

Hatutaki kupamba. Ripoti ilipofika kwa Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya, yaani mezani kwa serikali zenyewe, mwaka 1977 iliamuliwa kwamba hakuna hatua zaidi, na haikuchapishwa hadi 1994. Wala hatuwezi kudai kwamba ni kesi hiyo peke yake iliyofanya vibali vifike 3,000 kwa mwaka mnamo 1971, au iliyofanya Uingereza iwapokee watu wapatao 28,000 baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972. Ila kufikia siku hizo serikali ya London ilikuwa inajua kwamba jambo lake linatazamwa na wengine. Utaratibu wa vibali maalumu ulifungwa mwaka 2002, na sheria ya mwaka huohuo ikawapa waliobaki bila uraia mwingine haki ya kusajiliwa kuwa raia kamili.

Chuoni, diplomasia ikitajwa, tunaona suti, vibendera vya mezani, na mashindano ya kuigiza Umoja wa Mataifa. Si mabaya, na baadhi yetu tumeshiriki. Lakini mlango unaofanana na ule wa Strasbourg tunao Arusha, tena miwili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu humsikiliza mtu binafsi ikiwa tu nchi yake imetoa tamko la kumruhusu. Kenya haijawahi kulitoa. Tanzania, mwenyeji wa Mahakama yenyewe, ililitoa mwaka 2010 ikaliondoa Novemba 2019, na sisi tuliokuwa tunajisifu kufuatilia habari tulilipitia kama tangazo la zabuni.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuhoji uhalali wa sheria au hatua ya serikali, ndani ya miezi 2. Ibara ya 46 inasema lugha ya Mahakama hiyo ni Kiingereza. Kwa hiyo muuza samaki wa Tanga anayenyang'anywa mzigo mpakani, mwenye Kiswahili kisicho na kasoro, lazima kwanza amtafute wa kumwandikia, na siku zinahesabiwa. Wakuu wa nchi wamekwisha kukubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya; kukubali ni jambo moja, na fomu mkononi mwa muuza samaki ni jingine.

Kazi hiyo ya tafsiri haisubiri balozi. Chama chetu kina wanafunzi wa sheria wawili watatu na wa tafsiri wengi, na walimu wa kutusahihisha. Tunapendekeza mkutano ujao tuanze na ibara ya 30. Si ndefu; kwa Kiswahili haitazidi ukurasa mmoja.