Tikiti Bila Jina

Ndugu msomaji, mimi nasema hivi: shirika halipimwi siku linapokuuzia tikiti, linapimwa siku umepatwa na shida. Sisi watu wa Bukoba na Muleba tulilijua hilo tarehe 21 Mei 1996.

Siku hiyo MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli Tanzania, ilizama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuongeza watu na mizigo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443! Na daraja la tatu je? Hamna orodha.

Sasa ndugu wakija kuuliza, "Wetu alikuwemo?", shirika lijibu nini? Mwenye hela ya kitanda alikuwa na jina. Aliyekaa na mkungu wake wa ndizi alikuwa nauli tu. Serikali ilitaja vifo 894. Wapo wanaosema walipita 1,000, na hakuna daftari la kuwakatalia.

Je, somo liliingia? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Uwezo watu 101, waliokufa 228. Mkata tikiti naye alikufa, mashine yake ikapotea majini.

Kijana mwenzangu, ukikata tikiti dai jina lako liandikwe, na nakala ibaki nchi kavu. Haki ya kwanza ya mteja ni kujulikana kwamba alikuwemo.