Toyo Ikishushwa Injini Uwani: Historia Nyuma ya Muungurumo wa Kijenge

Chuga wanaiita toyo. Tangi liwe limeandikwa SanLG, Fekon au Boxer, kwa machalii wa Arusha zote ni toyo tu, kama ambavyo dawa ya meno huitwa Colgate hata kama siyo. Jina limetoka kwenye pikipiki za Kichina za bei poa zilizojaa mtaani. Lakini mchoro wa injini yake haukuzaliwa China. Asili yake ni Japan, na ilitengenezwa ikimlenga mtu asiyebadilisha oili kwa wakati. Ndiyo, wewe.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970 Honda walikuwa na injini ndogo kali sana, ila kwenye nchi zinazoendelea zilikuwa zinakufa mapema. Wahandisi wao wakatoka kwenda kuwaangalia watumiaji wenyewe. Walichokikuta unakijua: oili imegeuka lami, mzigo umezidi, vumbi kila mahali. Badala ya kuwalaumu watu, wakaibadilisha injini. Ule mnyororo unaozungusha mambo ya valvu kule juu wakautoa, wakaweka fimbo mbili za chuma zinazosukuma valvu kutokea chini. Vitu vya kuharibika vikapungua.

Ikazaliwa Honda CG125, mwaka 1976. Mwaka huohuo Honda wakaanza kuiunda Manaus, Brazil, na aliyepewa kazi ya kuitangaza alikuwa Pelé mwenyewe. Baadaye viwanda vya China vikauchukua mchoro ule, vikanakili, na vingine vikatanua pistoni kutoka milimita 56.5 hadi 62 ili kupata 150. Boxer ni ukoo mwingine, wa India. Lakini ukiona pikipiki ya Kichina yenye fimbo za kusukuma valvu pembeni ya silinda, umemwona mjukuu wa CG.

Huku kwetu neno bodaboda lilianza na baiskeli kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Injini za bei rahisi zilipofika, baiskeli zikapisha. Tanzania mchezo ulishika kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Yaani kazi ilikuwa mtaani kwanza, sheria ikaja nyuma yake.

Sasa fika Kijenge. Chalii yuko kwenye mkataba: pikipiki ni ya bosi, kila siku anapeleka hesabu, akimaliza muda inakuwa yake. Asubuhi anaona moshi wa bluu nyuma. Oili inapungua, na kupandisha Ilboru na mishikaki imekuwa shughuli. Ringi zimekwisha. Hapo mkataba wote unaning'inia kwenye vipande vya chuma vyembamba kama pete.

Uzuri wa mjukuu wa CG ni kwamba hahitaji gereji kubwa. Silinda ni moja, inapozwa na upepo, na mtu mmoja anaweza kuishusha injini na kuibeba. Uwani, juu ya gunia safi, inafunguliwa. Silinda iliyoliwa inapelekwa kwa wachonga vyuma, itanuliwe na kupewa pistoni ya saizi inayofuata. Asiye na muda ananunua bloku na pistoni mpya. Ringi zinawekwa alama ikitazama juu, na midomo yake isipangwe kwenye mstari mmoja, la sivyo moto unapenya. Valvu zinasagwa, zinapimwa upya. Kwenye CG ya asili nafasi yake ni milimita 0.08 tu, injini ikiwa baridi.

Jioni ikiwaka, uwani ni shangwe. Lakini hapo ndipo injini nyingi zinapouawa.

Ukuta wa silinda iliyochongwa una mikwaruzo midogo usiyoiona kwa haraka. Ringi mpya zinatakiwa kujisaga pale hadi zikae sawasawa, na kinachozisukuma ukutani ni nguvu ya moto wenyewe. Ndiyo maana ule mtindo wa kuiacha iungurume imesimama usiku kucha hausaidii. Moto ni mdogo, ringi hazisukumwi vya kutosha, na upepo wa kuipoza haupo. Kuibana gia ya mwisho na abiria watatu nako ni kutafuta kunoki: chuma kinapata joto, kinavimba, kinashikana.

Njia ya katikati ndiyo inayolipa. Ipashe dakika chache, kisha itembeze. Panda mwendo kiasi, achia, panda tena, bila kukaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Abiria mmoja, au usimbebe kabisa. Iache ipoe. Halafu mwaga oili ya kwanza mapema. CG haina chujio la oili la karatasi kama la gari, ina wavu na kikombe kinachozunguka kunasa uchafu. Unga wa chuma wa siku za mwanzo unaobaki unazunguka humohumo, mpaka kwenye gia na klachi, kwa sababu vyote vinakula oili ileile moja.

Vitabu vingi vya pikipiki vinaita kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo kipindi cha malezi. Kwa bodaboda hizo ni siku chache tu. Tatizo ni kwamba siku hizo bosi anataka hesabu, abiria anasema "kaka, twende fasta", na pesa ya bloku imetoka kwa kukopa. Wajapani waliweza kutengeneza injini inayovumilia kusahauliwa. Ya kumpa chalii wiki moja ya kwenda taratibu hawakuitengeneza, maana hiyo haipo kwenye mchoro. Hiyo ipo kwenye mkataba.

Kwa hiyo mabosi, pikipiki ikitoka kushushwa injini, punguzeni hesabu wiki hiyo. Ni rahisi kuliko bloku jingine. Na wewe abiria, ukiona toyo inakwenda mdogomdogo na dereva hataki mishikaki, usimnunie. Anailea.