Mwenyeji Kwanza, Kazi Baadaye

Kijana wa Unyamwezi aliyehitaji fedha za kodi ya kichwa katika miaka ya 1930 alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Angeweza kwenda Tanga kukata mkonge, au kuvuka bahari hadi Unguja na Pemba wakati wa mavuno ya karafuu. Mwenzake wa Unyakyusa alitazama kusini, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. Aliyezaliwa pembezoni mwa Ziwa Victoria huenda angefikiria Nairobi. Aliyeingia mkataba wa shamba au mgodi alijua mapema atalala wapi, atakula nini na atarudi kwao lini.

Dar es Salaam haikumwahidi mgeni lolote kati ya hayo. Kazi nyingi za bandarini zilikuwa za kibarua: leo umo, kesho umeachwa getini. Hata hivyo watu walikuja. Sensa ya 1948 ilihesabu wakazi wapatao 69,000. Ile ya 1957 ikapata zaidi ya 128,000. Na kufikia 1967 walikuwa zaidi ya 272,000. Mwaka 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728. Ujira peke yake hauwezi kueleza mvuto wa namna hii. Watu walichagua Dar kwa sababu palikuwa na mtu wa kuwapokea, na kwa sababu mtu huyo alikuwa na chumba.

Mji wenyewe ulianza kwa wageni. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga bandari yake hapo katika miaka ya 1860, jirani palikuwa na kijiji cha Mzizima, na nchi ya nyuma yake ilikuwa ya Wazaramo. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Kisha ikaja reli: ilianza kujengwa 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ambayo mababu wa Wanyamwezi waliifanya kwa miezi, pembe za ndovu mabegani, sasa ilikuwa ya siku chache.

Historia ya akina Sykes inaonyesha vizuri jinsi mgeni alivyogeuka mwenyeji. Baba wa ukoo huo, Mzulu, aliletwa kutoka Msumbiji na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kuwa askari katika jeshi la kamanda wao Wissmann. Mwanawe, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Mjukuu, Abdulwahid, aliongoza TAA, chama kilichotokana na hicho, hadi 1953, mwaka ambao uongozi ulikwenda kwa mwalimu kijana kutoka Butiama aliyekuwa akifundisha Pugu. Julius Nyerere naye alikuwa mtu wa bara mjini Dar, na waliomfungulia milango ya Kariakoo walikuwa watu ambao ukoo wao ulikuwa na vizazi viwili au vitatu tu pale. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kikazaliwa.

Milango hiyo ya Kariakoo inastahili kutazamwa kwa karibu. Waingereza walirithi na kuendeleza mpango wa kuutenga mji: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kutenganisha watu. Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pakawa kitovu cha Uswahilini. Ubaguzi huo ulikuwa dhuluma, na haupaswi kupambwa. Lakini ndani ya viwanja vile vidogo wakazi walijenga kitu ambacho serikali haikukibuni: nyumba ya Kiswahili ya kupangisha.

Umbo lake halikubadilika sana kwa miongo mingi. Kuta za miti na udongo, baadaye matofali ya saruji. Paa la makuti, baadaye mabati au hata madebe yaliyonyooshwa. Unaingia kwa mlango wa mbele na kukuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma. Kushoto vyumba vitatu, kulia vitatu. Ukumbi unaishia uani, na huko ndiko maisha yaliko: jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo, mafiga au majiko ya mkaa kila mpangaji na lake. Mbele, upande wa barabara, ipo baraza. Mwenye nyumba aliishi humohumo, mara nyingi katika chumba cha mbele, na wapo wanawake kadhaa waliojipatia uhuru wao kwa kumiliki nyumba kama hizo.

Mgeni akifika alianzia kwa ndugu, au kwa mtu wa kijijini kwao. Alilala kwenye mkeka chumbani humo, akala alichokuta, akazunguka na mwenyeji wake kutafuta kazi. J.A.K. Leslie, ofisa aliyepewa jukumu la kuuchunguza mji huo mwaka 1956 na 1957, alilikuta jambo hilo kila mtaa. Mgeni akipata kibarua, alitafuta chumba chake, na hapo ndipo mji ulipoanza kumfinyanga, kwa kuwa vyumba havikugawiwa kwa kabila. Mluguru alipanga ukuta kwa ukuta na Mmatumbi, Mnyamwezi akachota maji na Mzaramo. Mtoto aliyezaliwa uani alilelewa na wote, akakanywa na wote, na akasema Kiswahili kabla ya lugha ya mama yake.

Kulikuwa pia na utani. Wazaramo na Wanyamwezi walikuwa watani tangu enzi za misafara iliyopita Uzaramo kuelekea pwani. Wangoni walikuwa na watani wengi waliotokana na vita vya zamani. Bara, utani ulikuwa desturi kati ya makabila yaliyokutana njiani au vitani. Mjini uligeuka kuwa bima ya maisha. Mtu akifiwa mbali na ukoo wake, watani ndio waliofika kuchimba kaburi, kupika na kuendesha shughuli, huku wakiwachokoza wafiwa kwa maneno ambayo mtu mwingine yeyote angepigwa kwa kuyasema. Mtani aliweza kulala mahali pa kaburi akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na mjane aliyekuwa akilia akajikuta anacheka. Ni vigumu kutaja taasisi yoyote ya serikali, ya kikoloni au ya baada yake, iliyomsaidia mgeni wa Dar kuliko hiyo.

Wengi wa waliotoka bara waliingia Uislamu walipofika, wakachukua jina jipya, kanzu na kofia. Wengine walijiunga na ngoma. Beni, yenye vyeo na gwaride lake, iliyagawa makundi ya wachezaji kati ya Marini na Arinoti, na kuwapa vijana wa makabila tofauti upande wa kushabikia. Wanawake walikuwa na lelemama na vikundi vyao vya uimbaji. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi kiitwacho Bomba. TANU ilipotaka wanachama wanawake, yeye na wenzake walikwenda kwa viongozi wa vikundi hivyo, na katika muda mfupi maelfu wakachukua kadi. Wanaosimulia uhuru wa Tanganyika kama kazi ya wanaume waliosoma wanasahau kwamba mtandao uliokuwa tayari mitaani ulikuwa wa akina mama wa ngoma.

Mpira nao ulifanya kazi hiyohiyo. Yanga ilianzishwa 1935, na timu ambayo leo ni Simba mwaka 1936, zote za Kariakoo, na hakuna iliyokuwa ya kabila moja. Linganisha na Nairobi, ambako Abaluhya ilianzishwa 1964, klabu ambayo leo ni AFC Leopards, na Gor Mahia mwaka 1968, kila moja ikiwa na mizizi katika jamii moja. Tofauti hiyo haikutokana na tabia za watu. Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899 na ikatawaliwa kwa fikra kwamba Mwafrika ni mfanyakazi wa kupita tu. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume alitembea na kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni. Waajiri, shirika la reli likiwa mbele, waliwalaza wafanyakazi kwenye landi, ambako mtu alipewa kitanda lakini hakupata mwenye nyumba, baraza wala jirani wa kudumu. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pia mahali pa kulala. Katika hali hiyo kimbilio likawa chama cha watu wa nyumbani, kama Luo Union, kilichokusanya michango na kusafirisha maiti hadi kwao. Palipokuwa na ruhusa ya Waafrika kujenga na kupangisha, yaani Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, maisha yalifanana mno na ya Kariakoo: vyumba, Kiswahili, misikiti, na wanawake wenye nyumba zao.

Serikali, hata hivyo, haikuacha kuwahofia wahamiaji wa Dar. Mwaka 1944 wakoloni walitunga sheria ya kuwaondoa mjini wale waliowaita Waafrika wasiotakiwa, na wasio na kazi wakasombwa kurudishwa mashambani. Uhuru haukuufuta mtazamo huo. Mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi iliwakamata watu mitaani waliokosa uthibitisho wa ajira, ikawapeleka vijijini kulima. Wengi walirudi baada ya muda mfupi. Ingekuwaje wasirudi? Vyumba vyao vilikuwa palepale, na wenyeji wao walikuwa wanawasubiri. Kumhesabu mzururaji mtu mwenye chumba, jirani na biashara ndogo lilikuwa kosa la wakoloni, na inasikitisha kwamba viongozi waliolelewa na mitaa hiyo walilirudia.

Wimbi lililofuata lilitoka kusini. Vijana wa Lindi na Mtwara waliokuja kutembeza bidhaa mikononi, hadi Tanzania nzima ikawaita wachuuzi wote wamachinga, walifuatana kijiji kwa kijiji. Aliyetangulia alimwonyesha mdogo wake duka la jumla Kariakoo, akamdhamini mzigo wa kwanza na kumpa nusu ya godoro. Walikuja hata pale mvua zilipoifanya barabara ya kusini isipitike na Mto Rufiji ulipovukwa kwa kivuko. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, njia iliyokuwa tayari imezoeleka ikawa rahisi tu zaidi.

Leo nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimekaribia kwisha. Kiwanja cha vyumba sita kimekuwa ghorofa la maduka, na wapangaji wamesukumwa Mbagala, Gongo la Mboto, Kivule na Chanika. Mgeni anayeshuka stendi ya Magufuli, Mbezi, anakuta mwenye nyumba asiyekaa kwenye nyumba yake, dalali anayetaka malipo ya mwezi mmoja, na kodi ya miezi sita au mwaka mkononi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Hakuna kijana anayetoka kwao na fedha hizo mfukoni. Kwa hiyo bado anaanzia kwa kaka, kwa shangazi, au kwa rafiki aliyesoma naye, akilala sebuleni kwa miezi huku akijifunza kituo cha daladala na bei ya nauli.

Anapopata chumba chake, anakuta umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, wa mita moja kwa familia nne au tano. Kuna aliye na friji na kuna aliye na taa tu, na wote wanachangia. Hapo ndipo anapolazimika kujua majina ya majirani, kukaa nao kikao uani, kukubaliana nani atanunua umeme wiki hii na nani atamlipa anayezoa taka, kisha kuandikwa kwenye daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Wiki chache baadaye, msiba ukitokea chumba cha pili, anapelekewa bahasha ya mchango kama wapangaji wengine.