Picha zinazorudi Lubumbashi



Rafiki yangu mmoja ni mchoraji hapa Kadutu. Anaandika majina ya maduka ukutani ili apate ya kula, na usiku anachora vyake. Juzi aliniuliza: “Mukubwa, nikienda mbali nikajulikana, siku nikirudi nitaonyesha fasi gani?” Mimi ni mtu wa udongo na mihogo, sikuwa na jibu. Ila nikafikiria Lubumbashi.

Sammy Baloji alizaliwa kule mwaka 1978, akasoma fasihi kwenye iniversite ya mji ule ule. Mwaka 2006 alitoa kazi yenye jina *Mémoire*. Sisi neno hilo tunalijua kwa uchungu wa sura ya tatu na mwalimu asiyejibu simu, lakini kwake ilikuwa kumbukumbu kweli. Alichukua picha za wakati wa Wabelgiji, wafanyakazi na mabwana wao, akaziweka juu ya picha alizopiga mwenyewe kwenye viwanda vya Gécamines vilivyobaki magofu. Mwaka 2007 akapata tuzo Bamako. Mwaka 2010 picha zake zikaonyeshwa New York.

Sasa, mtu wa New York akisimama mbele ya picha hizo anaona kiwanda kilichokufa. Mtu wa Lubumbashi anaona kazi ya baba yake. Gécamines, iliyotoka kwa Union Minière ya mwaka 1906, ndiyo iliyolisha mji, ikasomesha watoto na kutibu wagonjwa. Halafu kwenye 2003 na 2004 wafanyakazi karibu 10,000 wakatolewa, jambo likaitwa “kuondoka kwa hiari”. Hiari gani, mtu ameshakaa miezi na miezi bila mshahara? Njo maana naona picha zile zina deni na mji ule kuliko mji mwingine wowote.

Na zamani deni hilo halikulipwa. Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1973 na 1974, alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia nzima ya nchi yetu, picha zaidi ya 100, huku akimweleza kwa Kiswahili cha Katanga. Picha zikaishia Amsterdam. Mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuonekana tena. Mimi jambo hilo linaniumiza: maelezo kwa lugha yetu, na mtoto wa Lubumbashi anaomba viza ili akaangalie.

Baloji hakungoja mtu amjengee fasi ya kurudia. Mwaka 2008, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao, alianzisha kituo wakakiita Picha, neno letu la kila siku, na hapo ikatoka Biennale ya Lubumbashi. Ilirudi 2010, 2013, 2015, 2017, 2019, 2022. Baloji anaishi kati ya Brussels na Lubumbashi, lakini mlango uko wazi hata siku yeye hayupo, na vijana wengine wanaanzia pale pale. Kwangu hilo ni kubwa kuliko tuzo.

Kuna kitu kingine, hiki kinatugusa sisi wa agronomia. Mwaka 2023 Baloji alionyesha Venice filamu, *Aequare*, juu ya Yangambi, makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wabelgiji waliianzisha 1933. Filamu za zamani za wakoloni zinakutana na Yangambi ya leo. INEAC hiyo hiyo ilikuwa na kituo Mulungu, hapa kwetu, njia ya Kavumu, siku hizi INERA. Nilifanya staji pale. Nilipita mbele ya zile nyumba za matofali kila asubuhi na sikuuliza hata siku moja nani alizijenga, na nani alichimba misingi. Ningependa filamu hiyo ionyeshwe Mulungu, hata kwenye shuka jeupe, mbele ya wale wazee wanaolinda mashamba ya majaribio.

Rafiki yangu nilimwambia asiuze michoro yake miwili ya kwanza, siku moja itahitajika hapa. Akacheka: kodi ya nyumba inalipwa tarehe 5. Mmoja ameshauuza, umevuka mpaka. Wa pili uko kwangu, nyuma ya kabati, maana chumba chake kinavuja.