Kongwa: udongo ulioyashinda matrekta

Juma hili tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu hukikanyaga kila siku bila kukitupia jicho. Kitu hicho ni udongo, na hasa ule wenye mfinyanzi mwingi uliotandaa katika nyanda kame za malisho za Afrika Mashariki.

Nayatayarisha makala haya nikiwa Unionville, katika mji wa Markham, kaskazini mwa Toronto nchini Kanada. Nyuma ya nyumba nina bustani ndogo. Theluji inapoyeyuka, udongo wake hunata kwenye viatu hata mtu akatembea kama aliyefungwa mawe miguuni. Ifikapo Agosti, mvua ikikawia, udongo huohuo hukauka na jembe likadunda. Mfinyanzi wa hapa asili yake ni barafu kuu iliyofunika eneo hili maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo hauna undugu na ule wa kwetu. Hata hivyo, kila jembe linapodunda, mimi hukumbuka jina moja tu: Kongwa.

Kongwa iko katika mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania, katika nchi ya Wagogo. Ni nchi ya mibuyu, vichaka vya miiba na mvua haba, na wenyeji wake tangu zamani wamekuwa wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa uwele na mtama. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake walikuwa bado wakigawiwa chakula kwa kipimo. Mwaka 1946, Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliipelekea serikali ya Uingereza pendekezo kwamba Afrika Mashariki ilimwe karanga kwa mashine, kwa kiwango ambacho hakijapata kuonekana.

Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ukiitazama nchi kutoka angani. Mpango ulioidhinishwa ulitaka ekari 3,210,000 zifyekwe katika miaka sita, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi. Shamba la majaribio halikuanzishwa kwanza, wala udongo haukupimwa kwa kina kabla ya mashine kufika. Njaa ya mafuta, ilisemekana, haingoji.

Mwanzoni mwa mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Hadi mwaka unamalizika, zilizokuwa zimefyekwa ni ekari 7,500 hivi. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika moja baada ya jingine. Mizizi ya vichaka ilipinda vyuma. Lakini adui aliyetokea baadaye, wakati miti ilipokwisha kung'olewa, ndiye aliyekuwa mgumu kupita wote. Adui huyo alikuwa udongo wenyewe.

Hapa, msikilizaji, inatupasa tutue kidogo tuieleze tabia ya mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi ndizo ndogo kuliko zote katika udongo. Kipenyo cha chembe moja hakifiki sehemu mbili za elfu za milimita. Kwa udogo wake, chembe hizo hushika maji na hushikana zenyewe kwa zenyewe. Udongo mwekundu wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Unapolowa, hulainika. Mvua zinapokatika, mfinyanzi huzibana punje za mchanga kama saruji inavyobana kokoto, na ardhi yote ikawa kama sakafu. Mchanga huo pia uliyala majembe ya matrekta upesi kupita ilivyotazamiwa.

Sasa fikirini tabia ya karanga. Ua lake huchanua juu, lakini likishachavushwa huteremsha kikonyo kikapenya ardhini, na njugu hukua humo. Mmea huu wahitaji udongo tifutifu wakati wa kuzaa, na tena wakati wa kuvunwa. Pale Kongwa, karanga zilikomaa wakati mvua zinaondoka, yaani wakati uleule udongo unapokuwa jiwe. Mavuno yakawa yamefungiwa chini, na mashine za kuchimbua zikashindwa kuyatoa. Mwaka 1949 ukame nao ukaja kukausha mazao. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umeachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu.

Je, hapakuwa na aliyejua? Walikuwapo. Wagogo walijenga nyumba zao za tembe kwa udongo huohuo, kuta na paa, kwa sababu walijua ukikauka unakuwaje. Kaskazini zaidi, Wasukuma walikuwa na utaratibu kamili wa kuainisha udongo, kila aina kwa jina na kazi yake. Luseni ni udongo wa kichanga wa miteremkoni. Itogolo una tabaka gumu chini, maji hayapenyi vizuri. Ibushi ni mfinyanzi wenye chokaa. Na bondeni kabisa ipo mbuga.

Neno hili mbuga leo hutufanya tufikirie simba na watalii. Lakini kwa mkulima na mfugaji wa nyanda hizo, mbuga ni uwanda wa mfinyanzi mweusi unaofurika wakati wa masika. Mfinyanzi wake si kama ule mwekundu wa Kongwa. Ukinywa maji huvimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa pana ambazo ng'ombe huweza kuvunjia mguu. Udongo wa juu huporomokea ndani ya nyufa, mvua zikirudi ukavimba tena, na hivyo ardhi hujigeuza yenyewe mwaka baada ya mwaka. Wakati wa masika mfugaji huepuka tope lake akapeleka mifugo miteremkoni. Kiangazi, miteremko inapokauka, hurudi bondeni, maana mfinyanzi mweusi huwa bado umeshika unyevu na majani bado yapo.

Naye mwanasayansi wa kujua alikuwapo. Geoffrey Milne alikuwa mtaalamu wa kemia ya udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo mwaka 1902. Milne aligundua kwamba kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, aina za udongo hazitokei ovyo. Juu huwa mwekundu, katikati wa kijivu au wa kichanga, na chini mfinyanzi mweusi. Na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima, kwa kuwa maji huchukua vitu huku na kuviweka kule. Mwaka 1935 aliuita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kama mnyororo ulioning'inizwa kati ya vilima viwili. Mwaka uliofuata, 1936, ikatoka ramani yake ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki.

Milne alifariki mwaka 1942. Taarifa ya safari yake ya kuchunguza udongo wa Tanganyika, aliyoifanya kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, ilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1947. Ndio mwaka uleule matingatinga yalipoingia Kongwa.

Fikra ya katena imeenea duniani kote, na wanafunzi wa elimu ya udongo huisoma hadi leo. Ule mfinyanzi mweusi wa mbugani nao ulipewa nafasi yake katika mifumo ya kimataifa ya uainishaji iliyotolewa miaka ya 1970, kwa jina la vertisoli, kutokana na neno la Kilatini la kugeuka. Sharti mojawapo ni kwamba mfinyanzi usipungue asilimia 30 na ardhi iwe inapasuka ikikauka. Wataalamu walikuwa wamelipa jina la Kilatini jambo ambalo Msukuma alikwisha kuliita mbuga.

Kongwa yenyewe ilirudia kazi yake ya asili. Sehemu ya mashamba yale ikawa ranchi ya ng'ombe, na ranchi ya taifa ya Kongwa ipo hadi leo, pamoja na kituo cha utafiti wa malisho. Kwa karanga, udongo ule ulikuwa jela. Kwa majani na mifugo, umekuwa riziki.

Hata sasa, nyanda za malisho za Afrika Mashariki huitwa ardhi tupu na watu wanaotafuta mahali pa kulima au kujenga. Wanaotaka kuzigawa huanza kwa kuhesabu ekari. Historia ya Kongwa yatuonya kwamba hesabu hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni kumwendea anayechunga pale, kumwuliza udongo huu mnauitaje, na unakuwaje mvua zikiondoka. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Kutouliza, pale Kongwa, kuligharimu pauni milioni 36.