Ngorongoro na Suala la Matumizi Mseto ya Ardhi

Makada wengi wanaofika Karatu kwa mara ya kwanza hudhani kwamba lango la Loduare linatenganisha watu na wanyama: huku wakulima, kule hifadhi. Dhana hiyo si sahihi, na kwa mwanafunzi wa siasa ni dhana ya hatari. Ndani ya lango hilo, katika eneo linalozidi kilomita za mraba 8,200, wafugaji wanachunga ng'ombe na mbuzi, watoto wanasoma, watalii wanalala hotelini ukingoni mwa kreta, msitu unahifadhi maji, na wataalamu wanachimba masalia ya binadamu wa kale huko Oldupai. Hayo ndiyo yanayoitwa matumizi mseto ya ardhi. Swali letu katika makala haya ni moja: nani aliyagawa matumizi hayo, na kwa masilahi ya nani?

Vitabu vingi huanza na mwaka 1959. Sisi tunaona kwamba kuanza hapo ni kukubali hesabu ya mkoloni. Wafugaji walikuwa na mpango wao kabla ya hapo, ila haukuandikwa. Nyumbu huzaa katika mbuga za nyasi fupi kati ya Januari na Machi, na ndama wao huwaambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua. Kwa hiyo majira hayo Wamasai huwapandisha ng'ombe wao nyanda za juu na kuwaachia nyumbu mbuga. Nyumbu wakiondoka, ng'ombe hushuka. Ardhi ni ile ile, lakini matumizi yamegawanywa kwa majira badala ya kugawanywa kwa mstari. Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za amani tupu. Wadatoga walikuwako kabla ya Wamasai, nao hawakuondoka kwa kubembelezwa. Tunasema tu kwamba upangaji wa ardhi haukuletwa na meli.

Sotoka ya miaka ya 1890 iliua mifugo kwa wingi, na njaa na ndui vikafuata. Mzungu alipofika akaona nchi tupu, akaiita tupu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta yenyewe. Ni vizuri tukumbuke jambo hilo kila tunapoambiwa kwamba tangu mwanzo adui wa kreta alikuwa mfugaji.

Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza kazi, na wakati huo Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Wakazi waliambiwa haki zao zitaheshimiwa. Miaka michache tu baadaye kilimo kikapigwa marufuku, na mgogoro ukaanza. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliopendekeza kuikata hifadhi katika vipande vitatu: Serengeti ya magharibi, kreta ya Ngorongoro na kreta ya Empakaai. Wapenda wanyama wa Ulaya na Marekani wakapiga kelele. Chama cha kuhifadhi wanyama cha London kikamtuma Profesa Pearsall kuja kuchunguza, na mwaka 1957 ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mfugaji alihojiwa, lakini uamuzi ulifanywa penginepo.

Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia alama zao kwenye hati ya kukubali kuhama Serengeti ya magharibi, pamoja na Moru yenye maji. Hati hiyo iliandikwa kwa lugha na sheria za aliyeitaka. Mwaka uliofuata eneo likagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikawa eneo la watu na wanyama pamoja. Mwezi Agosti 1959 Gavana Turnbull aliliambia Baraza la Wamasai kwamba masilahi ya wanyama na ya wakazi yakigongana huko Ngorongoro, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia. Ahadi hiyo haikuwa huruma. Ilikuwa bei ya Serengeti.

Chombo cha kwanza cha kusimamia eneo kilikuwa na maofisa wa serikali pamoja na wawakilishi wa Wamasai. Hakikudumu. Maofisa walikuja na ramani na lugha ya kitaalamu. Wazee walikuja na habari za maji na malisho, na habari hizo hazikuwa na safu katika fomu zao. Utaratibu ukabadilishwa, uwakilishi ukapungua.

Hapa hatuna budi kujikosoa, maana mkoloni aliondoka mwaka 1961 na sisi tukabaki na ramani zake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulieleza wazi kwamba kazi ya Chama si kuwahimiza watu watekeleze mipango ya wataalamu na viongozi wachache, bali kuhakikisha kwamba wataalamu na viongozi wanatekeleza yale waliyokubaliana wananchi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa. Sheria ya 1975 iliunda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kama shirika la umma na kupiga marufuku kilimo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu Malecela aliruhusu kilimo cha kujikimu. Mwaka 2009 kikasimamishwa tena. Mama mwenye bustani ya mahindi alikuwa mhalifu, akawa raia mwema, akawa mhalifu tena, bila kuhamisha jembe lake.

Wenzetu wa Karatu wasidhani hayo ni mambo ya jirani. Mfugaji asiyeruhusiwa kulima huuza ng'ombe ili anunue mahindi, na mahindi mengi hupita sokoni Karatu. Maji nayo hushuka kutoka msitu wa nyanda za juu za kaskazini ulio ndani ya eneo la hifadhi, yakanywesha vijiji vya Karatu na mashamba ya kahawa ya Oldeani. Mkulima wa Kiiraqw aliye mpakani mwa msitu huamka akakuta tembo na nyati wamekula shamba, na bado anautegemea msitu huo huo. Hana kiti penye kikao kinachopanga msitu.

Katika darasa letu mwanafunzi mmoja kutoka Mafia alisikiliza haya yote, kisha akasema: "Hiyo ni bahari yetu, ila ina nyasi." Alikuwa na haki. Sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari ilifuatiwa mwaka 1995 na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambamo vijiji vimebaki ndani. Bahari imegawanywa katika kanda: ya ulinzi kamili, ya matumizi maalumu, na ya matumizi ya jumla. Lakini mvuvi hupanga kazi yake kwa kusi na kaskazi, kwa bamvua na maji mafu, kama vile mfugaji apangavyo kwa nyumbu. Mstari uliochorwa juu ya maji hauonekani kutoka kwenye ngalawa. Mwanafunzi huyo alitueleza kwamba kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache na kuufungua tena hueleweka haraka kwa wavuvi, maana ni lugha ya majira. Tulimwomba aandike, tunamkumbusha hapa kwamba bado tunasubiri.

Turudi Ngorongoro. Mwaka 1959 wakazi walikadiriwa kuwa 8,000. Hesabu ya 2017 ilikuta zaidi ya 90,000. Anayepuuza tarakimu hizo hafanyi uchambuzi. Kuanzia Juni 2022 serikali iliwahamishia baadhi yao Msomera, wilayani Handeni, kwa utaratibu ulioitwa wa hiari, na ubishi juu ya neno hilo ukafika barabarani Agosti 2024. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana Arusha na viongozi wa kimila akatangaza tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama. Zilizinduliwa Februari 2025, na baadhi ya wajumbe wake wakatoka miongoni mwa wakazi wenyewe.